Nguo Ikitoka na Tundu, Isome Kabla Hujafungua Mashine

"Fundi, mashine yangu ya kufulia inakula nguo." Malalamiko huanza hivyo karibu kila mara, na anayeyatoa ameshachemka: dera jipya limetoka na mpasuko, au shati la kazini lina madoa meusi yasiyotoka hata kwa kufikichwa. Anataka mashine ifunguliwe hapo hapo. Fundi anayeijua kazi hafungui. Anaomba kwanza aone nguo zilizoharibika, zote, na anazitandaza kwenye mwanga. Kila kasoro ya mashine ina namna yake ya kuumiza kitambaa. Asiyeisoma nguo atamuuzia mpira wa mlango mtu mwenye beringi mbovu, au atalaumu beringi wakati mharibifu ni jiki.

Mambo ya kutazama ni matatu: tundu liko sehemu gani ya nguo, kingo zake zikoje, na pembeni yake kuna doa la rangi gani.

Anza kwa kuyaondoa yasiyo ya mashine, maana ni mengi. Vitundu vidogo mbele ya tisheti, usawa wa kitovu, mara nyingi vinatokana na kifungo cha jinzi au bizimu ya mkanda kusugua kitambaa kwenye ukingo wa meza au kaunta ya jikoni. Mashine humalizia tu, kwa kuwa uzi uliokwisha kuchoka hukatika kwenye kukamua. Kitambaa cheupe chenye tundu la kingo laini, kinachochanika ukikivuta kwa vidole viwili, kimeliwa na jiki. Dawa hiyo hudhoofisha pamba taratibu, na sufu au hariri huiharibu kabisa. Ikimwagwa juu ya nguo bila kuzimuliwa, siku hiyo huoni kitu. Tundu huja kujitokeza baada ya fua mbili tatu, na hapo lawama inaiangukia mashine iliyokuwa haina kosa. Na nguo iliyokaa kabatini na jasho huguguniwa na mende. Tundu zake huwa na kingo zilizomegwa ovyo.

Ukishayatoa hayo, aina ya mashine ndiyo inayoamua wapi pa kutafuta.

Mashine za beseni mbili, upande mmoja kufua na upande wa pili kukamua, bado ziko nyumba nyingi kwa sababu ni nafuu, hazina bodi ya kuungua umeme unapocheza, na unazijaza maji hata kwa ndoo. Nguo nyingi zinazochanika humu huchanikia upande wa kukamua, na chanzo ni kitu kidogo mno: kile kifuniko chembamba cha plastiki chenye matundu kinachokaa ndani ya kikapu, juu ya nguo. Watu hukitupa pamoja na maboksi wakidhani ni cha kufungia mzigo. Kazi yake ni kukandamiza nguo. Kikapu kikifika kasi yake, nguo nyepesi kama soksi, ushungi au chupi hupanda juu, huruka ukingo na kudumbukia kati ya kikapu na ukuta wa beseni. Huko chini hujiviringisha kwenye shafti. Ukiitoa, inakuwa imesokotwa, upande mmoja umesagika, na ina doa jeusi la mpira. Ukikuta alama hizo usiguse kitu kingine; tafuta kifuniko, na kama kimepotea nunua kingine kwa kipimo cha kipenyo cha kikapu.

Kutoa nguo iliyonasa huko, chomoa umeme, fungua bamba la nyuma, legeza skrubu zinazoshika shafti ya kikapu kwenye kiungo cha mota, kisha nyanyua kikapu. Usiivute nguo kwa nguvu kutoka juu. Pale chini shafti inapita kwenye mpira wenye mikunjo, na nguo ikivutwa ikauchana, maji yote ya kukamua yatamwagikia mota. Mpira huo ukaguliwe kila kikapu kinapotoka.

Jambo jingine la upande huo huo ni breki. Ukifungua mfuniko wakati wa kukamua, kikapu kinatakiwa kisimame ndani ya sekunde chache. Kikiendelea kuzunguka, waya wa breki umelegea au kipande cha breki kimekwisha. Wengi huizoea hali hiyo na kuingiza mkono kikapu kikiwa bado kinazunguka. Nguo ndefu ikijisokota kwenye mkono, inaenda nao. Breki mbovu ni sababu ya kuacha kuitumia mashine hadi itengenezwe, hasa nyumba yenye watoto.

Upande wa kufulia, shida iko kwenye ile sahani inayozunguka chini. Kati yake na sakafu ya beseni kuna nafasi ndogo, na sarafu, pini au kipande cha waya kikiingia hapo kinakuwa wembe. Alama yake ni nyuzi zilizovutwa na mikwaruzo mifupi iliyotawanyika nguo nzima. Toa skrubu ya katikati, nyanyua sahani kwa kulabu mbili za waya wa henga, safisha, kisha pitisha kidole kwenye ukingo wake. Palipokwaruzika lainisha kwa msasa namba 400, umalizie na namba 1000. Ukiishika sahani na kuitikisa ikacheza kushoto na kulia, bushi ya shafti (bomba fupi linaloishikilia shafti) imeisha, na kusafisha peke yake hakutasaidia.

Hapa kanga zina kesi yake. Doti ikitoka dukani haijakatwa wala kupindwa, na wapo wanaoitumbukiza hivyo hivyo ili kutoa wanga. Kingo zisizopindwa zinafumuka, nyuzi zinajiviringisha chini ya sahani na kwenye shafti, zikivuta na nguo nyingine. Pinda kwanza, au ifue kwa mkono. Fua ya kwanza ya kanga isichanganywe na chochote cheupe, rangi huchuja. Mitandio, mikanda ya madera na kamba za suruali ziingie kwenye mfuko wa wavu. Kofia za kutariziwa kwa mkono haziingii mashine yoyote, hata kwenye programu ya nguo laini.

Mashine za mlango wa mbele zina mambo mengi zaidi, na ndizo zinazoleta hasara kubwa. Kabla ya kugusa bisibisi, fanya jaribio la mkono: umeme umechomolewa, mlango uko wazi, shika mdomo wa dramu sehemu ya juu na uunyanyue juu na chini. Dramu yote na tangi lake (pipa la nje linaloizunguka) zikipanda pamoja kwenye springi, ni sawa. Dramu ikicheza peke yake ndani ya tangi, beringi zimekwisha. Kisha izungushe kwa mkono usikilize: mlio wa mkwaruzo mzito kama gari linalopita kwenye changarawe ni beringi iliyokula kutu.

Beringi inahusianaje na nguo? Dramu ikilegea, pengo kati ya mdomo wake na mpira wa mlango linabadilika kila mzunguko: upande mmoja linapanuka, upande mwingine linabana. Kona ya shuka au pindo la dera linaingia palipopanuka na kubanwa linapozunguka. Ndiyo maana alama yake ni mpasuko mrefu karibu na pindo, sambamba na doa jeusi la mpira. Na mara nyingi kuna dalili ya pili: vidoa vya kahawia iliyokolea, vyenye mafuta, vya grisi iliyochanganyika na kutu. Hivyo vimepita kwenye sili iliyopasuka, yaani ule mpira unaozuia maji yasifike kwenye beringi. Doa la aina hii lipakwe sabuni ya maji ya kuoshea vyombo likiwa halijafuliwa tena, liachwe kidogo, kisha lisuuzwe.

Sili ndiyo huanza kufa, beringi hufuata. Sehemu nyingi za mwambao, maji ya kisima ni ya chumvi, na hayahitaji upenyo mkubwa. Kwa hiyo kubadilisha beringi bila kubadilisha sili ni kutupa fedha. Beringi huwa mbili, kubwa upande wa dramu na ndogo upande wa puli (gurudumu la mkanda lililo nyuma). Namba imechongwa ubavuni: 6205, kwa mfano, ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje 52 na unene 15, 6206 ni 30, 62 na 16. Nenda dukani na namba, si na jina la mashine. Duka lolote la beringi, Kariakoo au kwingineko, litakupa. Chagua zenye ngao ya mpira pande zote mbili. Sili nayo ina namba zake tatu, na hapo ni bora uibebe ile ya zamani mkononi, kwa sababu tofauti ya milimita moja inavujisha.

Kazi yenyewe ni ya siku nzima kwa asiye na mazoea. Piga picha kila waya kabla ya kuuchomoa. Toa mkanda, puli, vizito vya zege, shokapu, kisha nyanyua tangi kutoka kwenye springi. Fungua skrubu zinazounganisha nusu mbili za tangi, toa dramu, gonga beringi kuukuu kutoka upande wa pili kwa chuma bapa. Beringi mpya ikilazwa kwenye friza kwa saa moja huingia kwa urahisi. Igonge kwenye ringi ya nje tu. Ukiigonga ringi ya ndani umeshaiua kabla haijafanya kazi. Mdomo wa sili upakwe grisi isiyoyeyuka kwenye maji.

Ukiwa umeshafika hapo, kagua mkono wa alumini wenye ncha tatu ulio nyuma ya dramu. Mabaki ya sabuni na maji ya chumvi huula polepole hadi unaacha unga wa kijivu na vishimo. Mkono uliopata ufa hauchomelewi ukadumu. Ukikatika mashine ikiwa kwenye mizunguko 1,200 kwa dakika, dramu inalala upande, inachana tangi na kila kilichomo.

Tatizo kubwa la mashine nyingi za siku hizi ni kwamba tangi limechomelewa kiwandani, halina skrubu. Mafundi hulikata kwa msumeno kufuata mstari wa kuchomelea, hutoboa matundu ya boliti kuzunguka ukingo, kisha hulifunga kwa silikoni na boliti. Kazi hiyo inawezekana na hudumu ikifanywa kwa utulivu, lakini uliza bei kabla. Ikikaribia nusu ya bei ya mashine mpya, na mkono wa alumini nao umeliwa, waachie wanunuzi wa vyuma chakavu.

Mpira wa mlango nao una makosa yake mwenyewe hata beringi zikiwa nzima. Mpira uliokakamaa au kuchanika mdomoni hukamata soksi na nguo za watoto. Kubadilisha, toa springi ya waya inayozunguka nje (kuna kispringi kidogo chini, anzia hapo), legeza kufuli la mlango kwa skrubu zake mbili, kisha toa kibanio cha ndani. Mpira mpya una alama juu, kimshale au pembetatu. Ikutane na alama ya tangi juu kabisa, penye namba 12 ya saa ya ukutani, ili matundu ya kumwaga maji yawe chini. Ukingo wa mpira ukipakwa sabuni ya maji huteleza mahali pake. Wengi huyasahau hayo matundu, wakaufunga mpira ukiwa umegeuka, maji yakatuama, na kwa unyevu wa pwani ndani ya wiki chache kuna ukungu mweusi unaohamia kwenye nguo nyeupe. Ukungu ukishaota ndani ya mpira hautoki. Kinga yake ni kufuta mikunjo baada ya kila fua na kuacha mlango wazi.

Vitundu vidogo kama vya sindano, vingi, mahali popote kwenye nguo: shuku waya wa sidiria. Huchomoka, hupenya tundu la dramu na kusimama ncha ikitazama ndani. Wakati mwingine unausikia unakwaruza. Ukiuona kwa tochi, uvute kwa plaizi yenye mdomo mrefu. Ukiwa umeangukia chini ya dramu, njia fupi ni tundu la hita. Chomoa umeme, mwaga maji, fungua bamba (la nyuma kwa mashine nyingi, la mbele kwa baadhi), chomoa waya, legeza nati ya katikati ya hita bila kuitoa, isukume ndani, kisha vuta hita nje. Ingiza waya wenye kulabu, tafuta kwa tochi; utakuta na sarafu humo. Unaporudisha, hakikisha ncha ya hita imeingia kwenye kishikio chake ndani ya tangi. Hita iliyokosa kishikio hugusa dramu na kuikwaruza, na umerudi ulikotoka.

Pasipo waya, tafuta ncha kali kwenye dramu yenyewe. Vaa soksi ndefu ya nailoni mkononi kama glavu, upapase ndani yote: matundu, kiungo cha dramu, na yale mapanga matatu ya plastiki yanayonyanyua nguo. Nailoni hunasa hata pale kidole hakihisi. Palipokamata weka alama kwa kalamu, lainisha kwa msasa wa maji namba 600, papasa tena. Panga lililopasuka halilainishwi, linabadilishwa.

Kuna jeraha jingine ambalo watu hawaliamini: baibui au jezi ya polista inatoka na doa linalong'aa, gumu, kama lililopitiwa na pasi ya moto. Huo ni msuguano. Dramu imejazwa hadi nguo zinasukuma kioo cha mlango, na kwenye kukamua zinasagwa kati ya kioo na mpira hadi nyuzi za plastiki zinayeyuka. Mashine iliyoandikwa kilo 7 inabeba kilo 7 za pamba tu. Polista na nailoni ni nusu ya hapo, na sufu kama kilo 2. Kwa jicho: nguo za pamba zikishapakiwa, kiganja kiweze kupita juu yake kikiwa kimesimama, za polista ziishie nusu ya dramu. Baibui na madera mepesi yakamuliwe kwa mizunguko 400 hadi 600, yageuzwe ndani nje, zipu zote zikiwa zimefungwa.

Nguo zikisinyaa au elastiki kulegea ghafla, pima joto. Chagua digrii 40, subiri dakika ishirini za kufua, simamisha, toa maji kidogo kupitia bomba dogo la dharura karibu na kichujio cha pampu, upime kwa kipimajoto. Yakifika 60, kihisi joto kimeharibika au kimefunikwa na ukoko wa chokaa ya maji. Ukoko huo hushika hita pia. Hita ya wati 2,000 kwenye volti 230 inatakiwa isome kama omu 26 kwenye multimita. Ikisoma kawaida na maji bado yanachemka kupita kiasi, kosa ni la kihisi au bodi.

Madoa meupe ya unga kwenye nguo nyeusi hayana uhusiano na ubovu wa mashine, mara nyingi. Ni shinikizo dogo la maji na sabuni isiyofaa. Mashine nyingi za mlango wa mbele zinataka angalau baa 0.5 (baa ni kipimo cha shinikizo), yaani tangi la maji ya nyumba liwe mita 5 juu ya mashine. Tangi lililo kwenye mnara wa mita 3 linatoa baa 0.3, maji yanachuruzika, sabuni inaganda kwenye droo na kusuuza kunakuwa hafifu. Safisha vichujio vya wavu kwenye mdomo wa bomba la kuingizia maji, na kama bado, weka pampu ndogo ya kuongeza nguvu. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono ina povu jingi mno kwa mashine hizi. Povu hubeba nguo zisigongane, hujaza pampu hewa, na hubaki kwenye kitambaa.

Madoa ya manjano ya kutu yaliyoenea kwa nguo nyeupe zote ni maji yenye chuma. Usiyamwagie jiki, unayakaza. Ndimu au asidi ya sitriki huyatoa.

Umeme ukikatika katikati ya fua, usiziache nguo humo hadi kesho, hasa kukiwa na rangi mchanganyiko. Weka sinia chini, mwaga maji kwa bomba la dharura, subiri kufuli liachie. Baadhi ya mashine zina kamba ya kuvuta nyuma ya kifuniko cha kichujio. Anayelilazimisha kufuli atanunua mlango.

Mashine ikiwa bado na dhamana, usiifungue kabisa. Piga picha nguo na mahali ziliponasa, hifadhi risiti, andika malalamiko kwa muuzaji kwa maandishi. Dhamana nyingi hugharamia mashine na si nguo, na wenye duka watakuambia ulijaza kupita kiasi, kwa hiyo picha za dramu na mpira zina uzito. Tanzania, muuzaji akigoma, kuna Tume ya Ushindani iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003. Kenya kuna Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012.

Baada ya matengenezo yoyote, fua ya kwanza iwe ya shuka jeupe kuukuu la pamba pamoja na soksi mbili za nailoni, bila sabuni, programu nzima hadi kukamua kwa kasi ya juu. Shuka litaonyesha grisi na kutu, soksi zitaonyesha ncha kali. Likitoka na doa jeusi pindoni pekee, rudia mpira na pengo lake. Likitoka na vidoa vya kahawia, fua tena mara moja, kwani grisi iliyobaki kwenye tangi huchelewa kuisha. Vikija tena mara ya pili, sili haikukaa sawa na tangi linafunguliwa upya.